Je, protoni mbili zikigongana zinaweza kuzaa kitu kinachotiririka?

Mwanafunzi wa Njoro aliuliza:

Hamjambo, walimu wangu na wenzangu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne wa fizikia huku Njoro, na mradi wangu wa kumaliza shahada unahusu mtiririko wa pamoja wa chembe katika migongano ya nishati kubwa. Upande wa viini vizito ninauelewa kiasi. Viini viwili vya risasi, kila kimoja kikiwa na nukleoni (yaani protoni na nyutroni) 208, vinapogongana kwa kupishana kidogo badala ya ana kwa ana, sehemu inayokutana huwa na umbo la duaradufu. Mada inayozaliwa humo hutanuka kwa nguvu zaidi upande ule mwembamba, kwa sababu huko ndiko shinikizo linakoshuka kwa ghafla zaidi, na ndiyo maana chembe zinazofika kwenye vigunduzi hazitawanyiki sawasawa kuzunguka mhimili, yaani mstari ambao viini vilijia, bali huwa nyingi katika pande mbili zinazotazamana.

Kinachonitatiza ni protoni. Mwezi Septemba 2010 kikundi cha CMS kule CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, kilitangaza kwamba katika migongano ya protoni kwa protoni yenye nishati ya TeV 7, ile michache iliyotoa chembe nyingi kupita kawaida ilikuwa na jambo la ajabu: chembe zilizoachana mbali kando ya mhimili zilikuwa bado zimeelekea pembe moja. Mwaka 2012 jambo hilo hilo likaonekana kwa nguvu zaidi protoni ilipogonganishwa na kiini cha risasi. Sasa, protoni ina nusukipenyo kisichofika hata femtomita moja (sehemu ya milioni ya bilioni ya mita), ilhali kiini cha risasi kina karibu femtomita saba. Nikiutazama umati unaotoka Uwanja wa Afraha baada ya mechi, ninaelewa kwa nini watu elfu kadhaa waliobanana husukumana hadi wakaelekea upande mmoja. Lakini watu watano wakitoka langoni, kila mmoja hujiendea zake. Je, tuna haki gani ya kusema kwamba kitu kilichotoka kwenye protoni mbili kimetiririka? Na je, mpangilio wa pembe peke yake unatosha kuwa ushahidi? Msimamizi wangu amekataa nisonge mbele na sura ya pili kabla sijalijibu swali hili kwa maneno yangu mwenyewe.

Mkufunzi wa Kakamega alijibu:

Msimamizi wako amefanya vyema kukushikilia hapo, kwa maana wengi hulipita swali hili wakakimbilia milinganyo.

Nianze na kinachopimwa. Tunatafuta bapa ambalo mgongano umelielekea, kisha kwa kila chembe tunapima pembe yake kutoka kwenye bapa hilo, tunaizidisha kwa mbili, tunachukua kosaini, halafu tunapata wastani. Jibu ndilo linaloitwa v2, yaani kiasi cha mtiririko wa duaradufu. Likiwa 0.1, maana yake ni kwamba pale ambapo mtawanyiko sawa ungetoa chembe 100, upande wa bapa utapata 120 na upande wa kukingama utapata 80. Hiyo ni tofauti ya moja na nusu kwa moja, na hakuna mtu wa takwimu anayeweza kuidharau. Ukizidisha pembe kwa tatu badala ya mbili unapata v3, mtiririko wa pembetatu, ambao kwa miaka mingi ulidhaniwa kuwa sifuri kwa sababu viini viwili vilivyo sawa havina sababu ya kutengeneza pembetatu. Mwaka 2010 Alver na Roland walionyesha kwamba nukleoni ndani ya kiini hazikujipanga laini. Kila mgongano hukuta nukleoni zimekaa mahali tofauti, na madoa hayo yasiyo sawa yanatosha kuzaa pembetatu. Kwa maoni yangu huo ndio ugunduzi uliofungua mlango wa swali lako, kwani tangu hapo kila mtu alianza kuutazama mgongano mmoja mmoja badala ya wastani wa yote.

Sasa kwa nini mpangilio huo ulichukuliwa kuwa ishara ya majimaji? Wazo la Ollitrault la mwaka 1992 lilikuwa hili: umbo la eneo la mgongano ni jambo la mahali, ilhali tunachokipima ni mwelekeo wa mwendo. Kama chembe zingezaliwa na kuondoka bila kugusana, umbo lisingekuwa na njia ya kuingia kwenye mwendo, na pembe zingebaki sawa pande zote hata eneo lingekuwa jembamba kiasi gani. Ili umbo ligeuke kuwa mwendo, lazima chembe ziwe zimesukumana, tena mapema, kabla umbo lenyewe halijalainika kwa kutanuka. Mashine ya RHIC iliyoko Brookhaven, katika jimbo la New York, ilipoanza kugonganisha viini vya dhahabu mwaka 2000, kikundi cha STAR kilipata v2 kubwa, karibu sana na ile ambayo hesabu za majimaji yasiyo na mnato zilikuwa zimetabiri. Watu wengi walikuwa wakitarajia gesi ya kwaki na gluoni, chembe zinazounda protoni na nyutroni, zinazopishana kwa ulegevu. Mwaka 2005 vikundi vyote vinne vya RHIC vilitangaza kwamba walichokipata kinafanana zaidi na majimaji yenye mnato mdogo mno. Mwaka huo huo Kovtun, Son na Starinets walichapisha hoja yao kwamba uwiano wa mnato kwa entropia (kipimo cha vurugu) huenda usiweze kushuka chini ya moja kwa 4π, katika vizio vya asili, na makadirio yanayotokana na data za RHIC na LHC, mashine kubwa ya CERN, yamekuwa yakizunguka karibu na kiwango hicho.

Nirudi kwenye Afraha. Mfano wako unahesabu watu, na hapo ndipo unapokupoteza. Idadi si kipimo cha majimaji. Kipimo ni umbali ambao chembe husafiri kabla ya kukutana na nyingine, ukiulinganisha na ukubwa wa eneo zima. Eneo likiwa dogo lakini chembe zimesongamana mno, umbali huo waweza kuwa mfupi zaidi, na mwendo wa pamoja ukapata nafasi. Angalia pia ni migongano ipi iliyochaguliwa: CMS hawakuuona mpangilio ule katika migongano ya kawaida ya protoni, ambayo hutoa chembe sita hivi zenye chaji kwa kila kizio cha mwelekeo kando ya mhimili, bali katika ile adimu iliyotoa zaidi ya 110 ndani ya eneo la kigunduzi. Wastani wa migongano ya ana kwa ana ya risasi ni takriban 1600 kwa kizio kimoja, kwa hiyo tofauti bado ni kubwa, lakini pengo si kama la watu watano na umati.

Dada wa Maseno alijibu:

Ninamheshimu Mwalimu, na sehemu ya viini vizito ameieleza vizuri kuliko ningeweza mimi. Lakini ningependa mwanafunzi asitoke hapa akiamini kwamba ukishathibitisha kuwa eneo limesongamana umekwisha kuthibitisha majimaji.

Kwanza, kuna njia nyingi za kupata chembe mbili zinazoelekea pamoja bila mtiririko wowote. Kwaki yenye nishati kubwa ikipasuka, hutoa jeti, yaani shada la chembe zilizobanana upande mmoja, na mara nyingi kuna jeti ya pili upande wa mkabala. Chembe isiyo thabiti ikivunjika, watoto wake hukumbuka mwelekeo wa mama yao. Ukikokotoa v2 kwa jozi za chembe bila kuangalia, mambo haya yote yataingia humo, na katika migongano midogo yana uzito mkubwa zaidi kwa sababu chembe za kuyazimisha ni chache. Ndiyo sababu watafiti huacha pengo kando ya mhimili kati ya chembe mbili za jozi, ili zisiwe zimetoka kwenye jeti moja. Jeti ya mkabala, hata hivyo, haizuiliwi na pengo. Inabidi kuiondoa kwa kutoa sura inayopatikana katika migongano yenye chembe chache, na namna ya kutoa huko ina ubishi wake.

Ushahidi ulionishawishi mimi kwamba kuna jambo la pamoja kweli ni ule wa kutumia chembe nyingi kwa wakati mmoja. CMS walikokotoa v2 ya protoni na risasi kwa chembe nne, sita na nane, na majibu yakakaribiana sana. Kama mpangilio ungetokana na jozi zilizobanana hapa na pale, thamani ingeporomoka kila unapoongeza chembe katika hesabu. Haikuporomoka. Kwa hiyo chembe zote za mgongano, au sehemu kubwa yake, zinalijua bapa moja. Na kwa kuwa zinalijua hata zikiwa zimeachana mbali kando ya mhimili, chanzo chake lazima kiwe cha mapema sana, kwani baadaye hakuna ishara inayoweza kuvuka umbali huo hata kwa kasi ya mwanga.

Lakini "mapema sana" ina milango miwili. Mlango mmoja ni ule wa Mwalimu: umbo la mapema, halafu msukumano. Mlango wa pili ni kwamba gluoni zilizosongamana ndani ya protoni, kabla hata ya mgongano, tayari zina uhusiano wa mwelekeo kati yao, na kwamba mgongano unazikomboa tu zikiwa na uhusiano huo. Katika mlango huo wa pili hakuna kilichotiririka. Pembe peke yake haiwezi kukuambia umepitia mlango upi, na hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la pili.

Jaribio zuri la kutenganisha milango hiyo lilifanywa na kikundi cha PHENIX huko RHIC. Waligonganisha kiini cha dhahabu na protoni moja, kisha na deuteroni, ambayo ina nukleoni mbili, kisha na heli-3, ambayo ina tatu. Deuteroni kwa asili yake hutengeneza umbo lililorefuka, na heli-3 ina nafasi nzuri zaidi ya kutengeneza pembetatu. Kama mtiririko unafuata umbo, v2 inapaswa kuwa kubwa kwa deuteroni na heli-3 kuliko kwa protoni, na v3 inapaswa kuwa kubwa zaidi kwa heli-3. Matokeo yao, yaliyochapishwa katika toleo la Nature Physics la mwaka 2019, yalifuata mpangilio huo huo na kukaribiana na hesabu za haidrodinamiki, yaani nadharia ya mwendo wa majimaji. Kikundi cha STAR baadaye kikapima mifumo hiyo hiyo kwa vigunduzi vinavyotazama eneo tofauti kando ya mhimili, na v3 zao zikakaribiana katika mifumo yote mitatu badala ya kupangika. Sehemu ya tofauti hiyo inaaminiwa kutokana na kwamba bapa linaloonekana sehemu moja ya mhimili halilingani kabisa na lile la sehemu nyingine. Kwa hiyo ushahidi wa v2 ninaukubali. Ule wa v3 ningeuandika kwa tahadhari.

Na kuna jambo moja ambalo haliniachi. Katika migongano ya risasi, jeti hupoteza nishati zinapopenya mada ile; kikundi cha ATLAS cha LHC kiliona hilo wazi mwaka 2010, jeti moja ikiwa imebaki na nguvu na mwenzake akiwa amedhoofika. Katika protoni na risasi, v2 ipo na jeti hazionekani kupungukiwa. Mada inayosukuma chembe ndogo lakini inayoiachia jeti ipite bila kuitoza chochote inanipa mashaka.

Mwanafunzi wa Njoro aliandika tena:

Ninawashukuru sana nyote wawili. Nimeona sasa kwamba nilikuwa nimechanganya maswali mawili, la kuwapo kwa mpangilio na la chanzo chake. Naomba Mwalimu alijibu lile la jeti, kwa sababu Dada ameligusa penye kidonda. Vilevile ningependa kujua kama ni halali niandike neno "majimaji" katika sura ya protoni, au nitafute lugha nyingine. Na kama kuna anayejua jinsi mtu aliye huku anavyoweza kuzigusa data zenyewe, nitashukuru zaidi, maana nisingependa mradi wote uwe wa kunukuu.

Mkufunzi wa Kakamega alijibu:

Dada ana haki ya kushuku, lakini jeti haihesabiwi kama chembe ndogo. Nishati inayopotea hutegemea urefu wa njia iliyopitiwa, na katika baadhi ya nadharia hutegemea mraba wa urefu huo. Katika risasi njia ni femtomita kadhaa. Katika protoni na risasi ni moja au mbili, na mada yenyewe inatawanyika upesi. Upotevu unaotarajiwa ni mdogo kiasi cha kuweza kufichwa na makosa ya upimaji, hasa kwa kuwa katika mifumo hiyo ni vigumu kujua ni mgongano upi ulikuwa wa katikati na upi wa pembeni. Kwa hiyo kutoonekana kwake hakubomoi mlango wa kwanza. Nakiri tu kwamba hakuujengi pia.

Kuhusu neno, kuna mlango wa tatu ambao Dada hakuutaja, nao ndio unaonifanya nisite. Wapo waliotumia miundo ya kufuatilia chembe moja moja zikigongana, na wakakuta kwamba katika mifumo midogo inatosha kila kwaki igongane mara moja au mbili hivi ili v2 inayopimwa ipatikane. Sababu ni kwamba chembe inayoelekea upande mwembamba hupata nafasi ya kutoka bila kugongwa, ilhali ile inayoelekea upande mrefu huzuiliwa na kubadilishwa mwelekeo. Hapo msukumano upo, umbo limegeuka kuwa mwendo, lakini mara moja au mbili hazifanyi majimaji. Upande mwingine, kazi za nadharia za miaka ya 2010 zimeonyesha kwamba milinganyo ya haidrodinamiki hufanya kazi vyema hata mada ikiwa bado mbali na msawazo wa joto, jambo ambalo vitabu vya zamani vingelikataa. Mlango huu wa tatu na ule wa kwanza inasogeleana, na huenda katika protoni mpaka kati yake usiwe mkali. Ushauri wangu: tumia "mtiririko wa pamoja" kwa mpangilio unaopimwa, sema "mwitikio kwa umbo la mwanzo" unapodai kwamba kulikuwa na msukumano, na neno "majimaji" uliache katika sura ya viini vizito, ambako mnyororo wa ushahidi umekamilika: v2, v3, chembe nzito kuwa na v2 ndogo kuliko nyepesi zenye momentamu ile ile ya chini, na upotevu wa jeti juu yake.

Mtahini akikuuliza kwa nini chembe nzito huwa hivyo, mwambie kwamba zote hubebwa kwa kasi moja ya mada inayotanuka, na kasi ile ile kwa chembe nzito ni momentamu kubwa zaidi, hivyo mkunjo wake wa v2 husogea kuelekea momentamu za juu. Mpangilio huo umeonekana hata katika protoni na risasi.

Mtu wa Data, Kisumu, alijibu:

Nimefuata mjadala kimya kwa kuwa nadharia si fani yangu, lakini swali la data nalijua. CERN ina hazina ya data huria ambayo mtu yeyote anaweza kuifikia bila kuomba ruhusa, na CMS wameweka humo data za protoni za mwaka 2010, ambao ndio mwaka wa ugunduzi wako, pamoja na baadhi ya data za risasi. Usijaribu kupakua zote. Faili ni kubwa, na intaneti ya bando itakumaliza kabla hujafika kwenye fizikia. Chagua faili chache, zipakue usiku ukiwa chuoni, kisha punguza kila tukio libaki na yale tu unayoyahitaji: chaji, momentamu ya kukingama, pembe na mwelekeo wa kila chembe. Ukishafanya hivyo, kompyuta ya kawaida ya mkononi inatosha.

Tatizo utakalokutana nalo si la kompyuta. Matukio yenye chembe zaidi ya 110 ni adimu mno, na CMS waliyapata kwa kuweka kichujio maalumu kilichoyashika wakati data zinachukuliwa. Katika faili chache utakazokuwa nazo huenda yasifikie idadi ya kukupa jibu lenye maana. Kwa hiyo ningekushauri uanze na risasi, ambako v2 itajitokeza hata katika matukio machache, uhakikishe kwamba programu yako inatoa umbo linalokubalika, na ndipo uielekeze kwenye protoni. Jenga pia data za kulinganisha kwa programu ya PYTHIA inayoiga migongano ya chembe, ambayo ni huria na ambayo kwa mpangilio wake wa kawaida haina msukumano wa pamoja. Ukiikokotoa kwa njia ile ile na ukapata v2 isiyo sifuri, hiyo ni jeti na mivunjiko aliyoisema Dada, nawe utaona kwa macho yako ni pengo la ukubwa gani linaloipunguza.

Zaidi ya hapo, fuatilia migongano ya oksijeni. Mnamo Julai 2025 LHC iligonganisha viini vya oksijeni kwa oksijeni na neoni kwa neoni kwa mara ya kwanza. Oksijeni ina nukleoni 16, kwa hiyo inasimama kati ya protoni na risasi, na tofauti na mgongano wa protoni kwa risasi, umbo la mgongano wake linaeleweka vizuri zaidi. Kiini cha neoni kimerefuka kuliko cha oksijeni, na v2 iliyopimwa katika migongano yake ya katikati imekuwa kubwa kuliko ya oksijeni, kama hesabu za umbo zilivyotabiri. Kuhusu jeti, CMS wametoa matokeo yanayoonyesha kwamba chembe zenye momentamu kubwa hupungua katika oksijeni zikilinganishwa na protoni, japo kwa kiasi kidogo kuliko katika risasi. Hapo ndipo ningeweka sura yako ya mwisho, kwa sababu ubishi wa Mwalimu na Dada juu ya urefu wa njia unaweza kupimwa humo kwa namba, na unaweza kuchora mchoro mmoja wenye mifumo mitatu juu yake: protoni na risasi, oksijeni, na risasi yenyewe.